Majina Yetu Ni Tasbihi, Tusiukate Uzi

Wahenga wetu walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Walikusudia sifa njema ya mtu, ile isemwayo nyuma yake akiwa hayupo. Lakini neno lao lina maana ya pili, nayo ndiyo nitakayo tuizungumze leo, ndugu msomaji. Jina lenyewe, hili tuitwalo kila kukicha, lina nuru ya kutuonyesha tulikotoka, maadamu twajua kulisoma. Na siku hizi wengi wetu hatujui kulisoma, na wengine tumeanza kulikata vipande.

Twaa fomu yoyote ya serikali, ya shule au ya benki. Utakuta nafasi tatu: jina la kwanza, jina la kati, na jina la ukoo. Mwenye kuitunga fomu hiyo alikuwa na desturi ya Kizungu akilini mwake. Kwao ukoo ni neno moja lisilobadilika, baba hulirithi kwa babu, mwana hulirithi kwa baba, na mke huingia humo siku ya harusi. Mswahili hakuzaliwa katika nyumba ya namna hiyo. Yeye jina lake ni kama tasbihi: chembe moja yake, chembe ya pili ya babake, ya tatu ya babuye, na kuendelea mpaka alipofika mwenye kukumbuka. Basi anapoambiwa ajaze nafasi tatu, hana budi kuukata uzi mahali fulani, na kila mtu huukata apendapo yeye, au apendapo karani.

Tuseme yuko mzee mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, aitwaye Athumani bin Omari bin Saidi. Ana watoto watatu. Wa kwanza ameandikwa Omari Athumani Omari. Wa pili alikwenda kwa karani mwingine mwaka mwingine, akaandikwa Salimu Athumani Saidi. Wa tatu ni binti, Fatuma, naye alipoolewa akatiwa jina la mumewe katika kitambulisho, akawa Fatuma Ali Khamisi. Mzee akifariki na kuacha nyumba, karatasi zitashuhudia kwamba hawa ni watu watatu wasiojuana. Kadhi itambidi aite mashahidi, wazee wa mtaa waje waseme, "Huyu na huyu na huyu tumbo lao moja na baba yao mmoja." Na wazee hao wakiwa wamekwisha kutangulia mbele ya haki, nani atasema?

Hilo si jambo la mchezo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziachia Mahakama za Kadhi mambo yetu ya ndoa, talaka na mirathi, na mirathi yote ya Kiislamu imesimama juu ya nasaba. Asiyeweza kuonyesha kuwa ni mwana wa marehemu hana fungu.

BIN NA BINTI

Tuanze na uzi wenyewe. Neno bin ni Kiarabu, maana yake mwana wa kiume wa fulani, na binti ni mwana wa kike. Tangu kale wenyeji wa pwani yetu wametumia maneno hayo mawili. Malenga wetu mkubwa wa Mombasa wa karne ya 19 alikuwa Muyaka bin Haji. Aliyewatungia Wapate Utendi wa Tambuka mwaka 1728 alikuwa Mwengo bin Athumani. Tazama majina hayo yalivyochanganyika: Muyaka na Mwengo si Kiarabu, ni yetu ya asili; Haji na Athumani yamekuja na dini. Chembe mbili za namna mbili katika uzi mmoja, na hakuna aliyeona ajabu.

Ama wanawake, wao hawakupoteza jina la baba kwa sababu ya ndoa. Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye Mwana Hashima utendi mwaka 1858, alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Hakukuwa na mume mwenye jina kubwa kumshinda huyo katika visiwa vile. Hata hivyo bibi huyo mpaka leo twamjua kwa jina la Mwana Kupona binti Mshamu. Ndoa ilimpa mume, haikumpa baba mwingine.

Na hii si desturi tu, ni sheria ya dini. Wasomaji waliokaa chuoni wanakumbuka kisa cha Zaid bin Haritha. Huyu alikuwa mtoto aliyetekwa akauzwa utumwani, kisha akafika mikononi mwa Mtume Muhammad (S.A.W.), naye akamwacha huru na kumfanya kama mwanawe. Watu wa Makka wakamwita Zaid bin Muhammad. Ni jina gani duniani lingemzidi hilo kwa utukufu? Lakini ikateremka aya ya tano ya Suratul Ahzab, ikaamrisha kwamba watoto wa kulelewa waitwe kwa baba zao waliowazaa. Zaid akarudishiwa jina la babake, Haritha, ambaye hakuwa mfalme wala mtume. Na huyo Zaid ndiye sahaba pekee aliyetajwa kwa jina ndani ya Kurani. Basi ikiwa aliyeitwa mwana wa Mtume alirudishwa kwa babake, sisi ni nani tuwaache baba zetu kwa ajili ya nafasi ya karatasi?

Liko na jambo jingine linaloshika uzi wetu. Desturi ya wengi ni kumpa mtoto wa kwanza wa kiume jina la babu yake kwa baba. Ndipo ukaona Omari bin Athumani bin Omari bin Athumani, jina linakwenda na kurudi kama maji kujaa na kupwa. Majirani zetu Wagiriama nao hufanya vivyo hivyo, mjukuu humwamsha babuye. Nyumbani mama hakuthubutu kumkemea mtoto huyo kwa jina, maana ni jina la mkwewe. Akimwita "Babu" au "Bwana", na mtoto akakua nalo. Wako wazee leo ambao mtaa mzima wawajua kwa "Babu" tangu walipokuwa watambaao.

MTOTO WA SIKU NA WA MSIMU

Sasa tuziangalie chembe zenyewe. Mtoto wa Kiislamu hutolewa adhana katika sikio la kulia azaliwapo, na siku ya saba hufanyiwa akika, akanyolewa na kutangazwa jina. Jina hilo hutoka wapi?

Mara nyingi lilitoka katika siku yenyewe. Juma ni wa Ijumaa, na nduguye ni Mwanajuma. Khamisi ni wa Alkhamisi, na wa kike ni Mwanakhamisi, ambaye ulimi wa pwani ulimfupisha akawa Mwanamisi. Miezi mitukufu nayo ilitoa Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Aliyezaliwa sikukuu akaitwa Idi au Mwanaidi. Wa mfungo sita akaitwa Maulidi, wa usiku wa ishirini na saba wa Rajabu akaitwa Miraji, na binti wa tarehe kumi ya Muharamu akaitwa Ashura. Kulikuwa na Mwaka, aliyezaliwa siku za kuoga mwaka, na Mwanamvua, aliyekuja na masika. Chausiku alizaliwa usiku. Mosi, Pili na Tatu walihesabiwa.

Utaona, msomaji, kwamba katika nyumba zisizokuwa na cheti cha kuzaliwa, jina lilikuwa ndilo cheti. Bibi aliyeitwa Mwanaidi hakuhitaji karatasi kujua alizaliwa lini katika mwaka.

Hilo neno "Mwana" linawapotosha wengi wa bara. Kwa lugha ya Mombasa na Lamu ya kale, mwana ni bibi mwenye heshima. Mwanaisha ni Bibi Aisha, na Mwana Mkisi, ambaye masimulizi ya Mombasa yanamtaja kuwa malkia wa mji kabla ya Shehe Mvita, ni Bibi Mkisi. Wanaume nao walikuwa na mapambo yao: Bwana, Shehe au Shee, Fumo, na Mwinyi, maana yake mwenye mji au mwenye mali. Tofauti na hapo ni ile "Mwa" ya jirani zetu Wataita, kama Mwakio na Mwadime. Hiyo ni mwana wa fulani, yaani ni "bin" yao wao. Kwa hiyo bara na pwani, wote tulikuwa na uzi; lugha ndiyo iliyotafautiana.

Majina ya dini yalipoingia vinywani mwetu yalivaa kanzu ya Kiswahili. Uthman akawa Athumani, Umar akawa Omari, Abubakar akapunguka akawa Bakari, Ibrahim akawa Burahimu. Aisha akawa Asha na Esha, Khadija akawa Hadija, Ruqayya akawa Rukia. Fatima alizaa majina mengi kuliko wote: Fatuma, Tima, na kwa sifa zake Zahara na Batuli. Siku hizi wako vijana wanaoona haya kuitwa Athumani, wakataka Uthman kwa sababu ndiyo "sahihi". Hapana ubaya kulitamka jina kama lilivyo Kurani. Lakini wajue kwamba Athumani si kosa la babu zao. Ni alama ya kuwa dini hii ina umri mrefu katika pwani hii, hata majina yake yakapata muda wa kuota mizizi katika lugha yetu.

JINA LA KUFICHA MTOTO

Yako na majina ambayo mgeni akiyasikia hushangaa mzazi gani aliyempa mwanawe. Mashaka. Tabu. Shida. Mtumwa. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini leo tuambizane.

Mama aliyezika watoto wawili watatu mfululizo alikuwa na hofu kwamba husuda au jicho linawafuata wanawe. Alipojaaliwa mwingine, alimpa jina la chini makusudi, ili asiwe wa kutamaniwa. Na jina la Tabu au Mashaka mara nyingine lilisimulia tu hali ya nyumba mwaka huo: baba yuko safarini hajarudi, mavuno yamekufa, au uzazi wenyewe ulikuwa mzito. Majaliwa na Subira nayo yametoka katika mlango huo huo, isipokuwa yenyewe yametazama upande wa shukurani.

Dini yetu lakini imetufunza kuchagua jina jema. Mtume (S.A.W.) alimkuta mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa ile aini yenye maana ya mwenye kuasi, akambadilisha akamwita Jamila. Akamkuta mtu aitwaye Hazn, maana yake ugumu, akataka kumwita Sahl, yaani wepesi. Mtu yule akakataa kuliacha jina alilopewa na babake. Mjukuu wake, mwanachuoni mkubwa Said bin Al-Musayyib, amesimulia kwamba ule ugumu haukuondoka katika jamaa yao. Na Suratul Hujurat, aya ya kumi na moja, imekataza watu kuitana kwa lakabu mbaya. Basi mwenye kuitwa Mashaka asichekwe, kwani kumcheka ni dhambi kuliko jina lenyewe. Na mwenye kuzaa leo achague zuri.

MTUMWA ALIYEKUWA SITI

Hapa tumefika mahali ambapo wengi wetu hupenda kupita haraka. Nami sitapita haraka.

Katika kijiji cha Fumba, kisiwani Unguja, kwenye mwaka 1880 hivi, alizaliwa mtoto wa kike akapewa jina la Mtumwa. Babake aliitwa Saad. Mtoto yule alifinyanga vyungu na kuviuza akipita na nyimbo, akahamia mjini, akajifunza kuimba taarabu. Watu wakambadilishia jina wakamwita Siti, ambalo ni bibi mtukufu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, akawa wa mwanzo wa kuutia uimbaji wa Kiswahili wa taarabu katika sahani za santuri, akasikika pwani nzima mpaka alipofariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake. Angalia alichobadilisha bibi huyu na alichokiacha: Mtumwa aliliacha likawa Siti, lakini binti Saad hakuligusa.

Wengi wa walioletwa pwani hii kwa nguvu hawakupata bahati hiyo. Mtu alipouzwa, kitu cha mwanzo kilichokatwa kilikuwa uzi wake. Jina la kwao Nyasa au Unyamwezi liliachwa njiani, naye akapewa jina la kumfurahisha mwenye kumiliki: Mabruki, Baraka, Faraji, Feruzi, Almasi, Marjani. Majina mazuri yote, ya kheri na ya vito, lakini hayakuwa na baba nyuma yake. Mtazame Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa India, kisha akarudi akawa kiongozi wa misafara ya Burton, Speke, Stanley na Cameron, mpaka alipokufa mwaka 1885. Huyu alipita nchi nyingi. Na jina lenyewe ni nini? Sidi ni jina walilopewa watu weusi kule India. Mubarak ni jina la mwenye kubarikiwa. Bombay ni mji. Jina lina chembe tatu, na hata moja si ya babake.

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wamishenari wa Kiingereza walifungua Frere Town mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliookolewa. Wengi wa waliokuja hapo kutoka India walikuwa wamekwisha kubatizwa majina ya Kiingereza, kama William Jones na Ishmael Semler. Wenye kuwaokoa walifanya kama wenye kuwanunua: walimpa mtu jina jipya bila kumuuliza la kwao.

Kwa upande wetu Waislamu, mtumwa aliyeachwa huru mara nyingi alijinasibisha na kabila la bwana wake, kwani sheria inaujua uhusiano huo na kuuita walaa. Wengine waliandikwa bin Abdallah, mwana wa mja wa Mungu, kama aandikwavyo mpaka leo mwenye kusilimu ambaye babake si Mwislamu. Serikali ya Kikoloni iliufuta utumwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Si zamani sana. Wako watu hai leo ambao babu za wazazi wao waliyaona hayo.

Ndiyo sababu methali yetu ya "mwacha asili ni mtumwa" nataka tuitumie kwa uangalifu. Wako waliotumia methali hiyo kuwachoma wenzao ambao asili yao ilikatwa kwa panga la mtu mwingine. Hao hawakuacha asili, walinyang'anywa. Mwenye kuacha asili ni yule aliye nayo, akaitupa.

Na jambo la ajabu ni kwamba lugha yetu yenyewe imekwisha kutoa hukumu. Mtume na mtumwa yametoka katika neno moja, kutuma. Na jina lililo bora kwa Mwenyezi Mungu, kama tulivyofunzwa, ni Abdallah pamoja na Abdurrahmani. Abdi ni mtumwa. Kila Abdallah anayetembea Mombasa, awe sharifu au awe mchukuzi wa bandarini, ameitwa mtumwa wa Mungu, na hakuna anayeona haya. Iwapo cheo cha juu kabisa ni utumwa huo, ni nani wa kumcheka mwenzake kwa mtumwa wa jana?

UKOO NA NISBA

Tumalizie kwa kile fomu inachokitafuta, ukoo. Ukoo tunao, ila haukuwa lazima kuutaja kila siku. Ulitajwa penye haja: katika posa, katika mirathi, na kaburini.

Wenyeji wa Mombasa wana Mataifa Kumi na Mawili. Thelatha Taifa ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Tisa Taifa ni Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wabajuni na Wakatwa. Tazama majina hayo: karibu yote ni ya mahali. Yanasimulia watu waliohama Shaka, Pate, Faza, Kilifi na Mtwapa wakajikusanya Mvita. Ni historia ya pwani imefungwa katika maneno kumi na mawili.

Waliotoka Omani walikuja na nisba zao: Mazrui, ambao walitawala Mombasa mpaka mwaka 1837, Busaidi, Mandhri na wengineo. Nabhani walitawala Pate. Wahadhrami wana alama ya "Ba", kama Bafadhili, Bajaber, Bawazir na Basheikh. Masharifu wana koo zao, kama Jamalilaili na Mahdali. Ile "Al" na ile "i" ya mwisho ndiyo inayoonyesha nisba, yaani mtu wa ukoo fulani au wa mahali fulani.

Wakati wa ukoloni majina hayo yalipata bei. Mwarabu na Mwafrika walihesabiwa mafungu mbalimbali. Kuanzia mwaka 1920 Mwafrika mwanamume alilazimishwa kubeba kipande, na kodi, kura na viti vya baraza vilikwenda kwa mafungu hayo. Watu wa Mataifa Kumi na Mawili walihangaika miaka mingi wakitaka wahesabiwe pamoja na Waarabu. Basi haikuwa ajabu kwamba baadhi ya watu walianza kuitafuta "Al" ambayo babu zao hawakuijali. Mimi siwalaumu wazee wale, waliitafuta haki kwa mlango uliokuwa wazi. Lakini mlango ule umekwisha fungwa, na mwenye kuendelea kuusukuma leo anamficha bibi yake Mgiriama au Mdigo bila faida.

Nisba ina kazi yake mpaka leo. Waliokimbia Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 na kurejea Omani, hasa tangu Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, walikuta kabila ni sehemu ya jina. Aliyeijua silsila yake alijieleza kwa urahisi, na asiyeijua alisumbuka. Hapa kwetu Kenya nako, kwa miaka mingi kijana wa Kiislamu aliyetaka kitambulisho aliulizwa karatasi za babake na babuye, na majina yasiyolingana yalimrudisha nyumbani mikono mitupu.

Lakini nisba peke yake haitoshi. Mwanachuoni wetu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014, ulimwengu ulimsoma kwa jina la Ali A. Mazrui. Ile herufi moja ya katikati ni Al-Amin, na Al-Amin ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya na mmoja wa wanachuoni wakubwa wa pwani, aliyefariki mwaka 1947. Asiyejua husoma herufi. Ajuaye husoma baba. Na kama ulivyoona, Ali huyu ni mjukuu wa Ali.

TUFANYE NINI?

Fomu hatuwezi kuzichana, wala sina nia ya kumfundisha mtu ukaidi. Nafasi tatu zitajazwa. Lakini tunaweza kuzijaza kwa akili.

Kwanza, wazazi wakubaliane neno moja la mwisho, liwe nisba au jina la babu, na watoto wote wa baba mmoja waandikwe nalo hilo hilo, kwa herufi zile zile. Athumani wa cheti asiwe Othman wa shule na Uthman wa pasipoti.

Pili, binti aolewapo aachwe na jina la babake. Heshima ya mume haipungui. Bwana Mataka hakupungukiwa.

Tatu, tusiyakate majina ya Mwenyezi Mungu. Karani akiandika Abdul nafasi moja na Rahman nafasi nyingine, mtoto ataitwa Rahman shuleni, na hilo si jina la kiumbe. Abdul nayo peke yake ni neno lililokatika, ni "mtumwa wa" bila kutajwa wa nani. Tuandike Abdurrahmani, Abdulkarimu na Abdulazizi kwa neno moja.

Nne, na hili ndilo kubwa, tuandike. Wazee wetu wengine waliandika siku ya kuzaliwa mtoto katika ukurasa wa mbele wa msahafu. Turudishe desturi hiyo. Nunua daftari, keti na mzee wako baada ya sala ya alasiri, umuulize babuye ni nani, na nyanya yake alitoka mji gani. Usiandike wanaume tu, kwani nusu ya damu yetu imekuja na kina mama. Na ukifika kwa babu aliyeitwa Mabruki au Feruzi asiye na "bin", usimruke. Huyo ndiye aliyeuanza uzi upya kwa mikono yake mwenyewe, na anastahili kutajwa kwa sauti. Mali bila daftari hupotea bila habari, na nasaba ni mali.

Nami nawaachia ubeti huu mmoja:

Jina si la karatasi, si la wino kupauka,
Ni mzizi na asasi, kwalo mti husimika,
Liandike kwa wepesi, wazee wakikumbuka,
Asije juta nafusi, mwana anapolisaka.